Nilishatoa Shukrani Kanisani, Sasa Naogopa Kumeza Kidonge

Mpendwa mshauri Dada Paskazia,

Kabla sijaomba msaada naomba kwanza nishukuru, maana nikianza na shida utadhani mimi ni mtu wa kulalamika na mimi siko hivyo, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kiseke, nina mume mwema, nina mama mkwe ambaye sasa hivi ananipenda kama amenizaa yeye, mwaka jana niliumwa na nikapata nafuu, kwa hiyo ya kushukuru ninayo mengi, na hata shida yenyewe imetokana na hizo shukrani, ndiyo maana nimekaa nayo sijui nimwambie nani, nikaona nikuandikie wewe usiyenijua sura.

Jina langu tuliache, niite Mama Dorotea. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nauza nguo za watoto hapa barazani kwangu, mume wangu Byabato ana duka la vipuri vya pikipiki Mabatini. Yeye kwao Muleba, mimi kwetu Nansio. Tunasali Kilutheri na mimi niko kwaya, naimba sauti ya kwanza, na hili la sauti nalitaja mapema kwa sababu ugonjwa wangu ulianza kusikika kabla haujaonekana.

Nilipomzaa Dorotea miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri, halafu nikaanza kuchoka, na siyo ule uchovu wa mtoto mchanga, huo naujua, nilikuwa nao kwa kaka yake Obedi, huu ulikuwa wa kukaa chini kumenya ndizi ukashindwa kunyanyuka, baridi ikanishika mimi peke yangu, jua la mchana la Mwanza unalijua na haya mawe yetu yanavyotunza joto, lakini mimi nimevaa sweta, nywele zinabaki kwenye kitana, mwili unaongezeka na chakula sili, choo kigumu, maziwa yakapungua, siku zangu zikija zinakuja nyingi na hazitaki kuondoka, zikiondoka sijui zitarudi lini, na moyoni nikawa sina furaha wala huzuni, nipo tu kama kiti.

Majirani wakasema ni sindano ya uzazi wa mpango imevuruga homoni, mwingine akasema nimetupiwa kitu, mwingine akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp ambako kuna dada anauza unga wa kijani wa kubalansi homoni, nikaununua nikaunywa, nikaharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikimwambia yule dada ananijibu, "Vumilia mpenzi, huo ni uchafu wa kizazi unatoka," nikavumilia, nikaendelea kunywa, na uchafu wenyewe haukuisha wala nguvu hazikurudi.

Wakati huo Ma Rebeka, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Muleba kumwona mjukuu. Yeye ni mtu wa shamba, anaamka na ndege, akinikuta bado nimelala na yeye ameshafagia ameshafua anasema kwa sauti ya mimi kusikia, "Byabato mwanangu, ulioa mke au ulioa godoro?" Byabato anamwambia, "Mama, mwache apumzike, ananyonyesha." Naye anajibu, "Na nyinyi niliwaokota sokoni?" Nilikuwa nasikia yote nimejifunika shuka na sikuwa hata na nguvu ya kukasirika.

Kwaya nayo ikanishinda, sauti ilishuka ikawa nzito inakwaruza, siku moja mwalimu wetu Maige akasimamisha wimbo katikati akasema, "Mama Dorotea, leo umekuja na sauti ya mume wako?" watu wakacheka, akanihamishia sauti ya pili, na mzee Ndalahwa wa besi akanisogezea kiti akasema, "Karibu shemeji, ukiendelea hivyo huku kwetu nafasi ipo." Walikuwa wananitania kwa upendo, nilijua, lakini nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo nikaona uso umevimba vimba, nikajiuliza huyu ni nani.

Aliyenifumbua macho ni Dokta Luhaga, mwanamke mpole anayeongea taratibu. Nilikuwa nimempeleka Dorotea hospitali ana kikohozi, naeleza habari za mtoto, akanikatiza, "Mama, hiyo sauti ni ya kwako siku zote?" Nikasema hapana dokta, mimi ni sauti ya kwanza. Akacheka halafu akaacha kucheka, akanishika shingo, akaniambia nimeze mate, akaniuliza habari za sweta na nywele na siku zangu, akanituma kupima damu. Majibu yaliporudi akasema kuna tezi hapa mbele ya shingo ambayo kwangu imelegea, haitoi homoni ya kutosha, huwatokea baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, na siyo uvivu na siyo mkono wa mtu. Akanipa vidonge vidogo sana, akasema, "Utameza kimoja kila asubuhi kwa maji kabla hujala, usiache mpaka mimi nikuambie." Na nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango akasema tena, "Na siku ukihisi una mimba, usingoje, uje."

Dada, sikuamini kitu kidogo vile. Haikuwa siku moja, ilikwenda pole pole, lakini asubuhi moja nilishtukia nimemaliza kufagia uwanja wote na sijakaa chini hata mara moja, nikakaa kwenye ngazi na ufagio mkononi nikalia, Obedi akatoka ananiuliza mama nani kakupiga, nikamwambia hakuna, nimefurahi. Sweta nikalivua. Siku zangu zikarudi kwenye mstari. Na sauti ikapanda, Jumamosi moja kwenye mazoezi ikafika kule juu ilikokuwa inafika zamani, Maige akashusha mikono akasema, "Rudi kwenu."

Byabato akampigia mama yake, ambaye alikuwa amesharudi Muleba, kumweleza kwamba mkwe wako alikuwa anaumwa tezi. Ma Rebeka akasema nipewe simu mimi, akaniambia, "Mwanangu, nilikuita godoro kumbe unaumwa. Nisamehe. Nakuja, tutashukuru." Na akaja kweli, akapanda meli Kemondo na mikungu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, na jogoo ambaye abiria wote walimjua jina kabla hawajafika Mwanza.

Jumapili ile sitaisahau. Tulikwenda mbele familia nzima, Ma Rebeka akaomba kusema yeye, akasema mbele ya usharika wote, "Huyu nilimwita godoro. Leo Mungu amemponya, mtamsikia akiimba." Watu wakapiga vigelegele, mchungaji akatuombea, nikaimba beti mbili peke yangu na sauti haikunitupa. Baada ya ibada ukaja mnada wa matoleo pale nje, mzee wa kanisa Chenge ndiye mnadishaji wetu, akauinua mkungu akasema, "Ndizi hizi zimevuka ziwa, zimetoka kwa mama mkwe aliyeomba msamaha, mnajua zilivyo adimu?" watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakawa wanashindana kupandisha bei, jogoo akachukuliwa na Ndalahwa, Ma Rebeka anacheka anafuta machozi na kanga. Nilisimama pale nikasema moyoni, Mungu, hata ukinichukua leo nimefurahi.

Sasa shida ndiyo hii. Kesho yake asubuhi nikashika kidonge na glasi ya maji, mkono ukakataa. Nikajiuliza, jana nimekubali mbele ya kanisa zima kwamba nimepona, leo nameza dawa ya nini, si nitakuwa kama mtu aliyetoa jogoo kwenye mnada halafu jioni anamfuata mnunuzi nyumbani anamwambia nirudishie jogoo wangu. Nikakirudisha. Kesho yake hivyo hivyo. Vidonge nikavitia kwenye kopo ninalowekea vifungo vya nguo ambalo hakuna anayelifungua, Byabato akiniuliza dawa unameza, nasema ndiyo.

Na mwanzoni nilikaa vizuri, nikasema unaona, kumbe kweli nimepona. Halafu baridi ikarudi. Nywele zikarudi kwenye kitana. Na wiki hii Maige amenisogelea baada ya mazoezi, hakusema kwa sauti safari hii, akaninong'oneza, "Mama Dorotea, ile sauti ya mume wako imerudi?" nikacheka, nikafika nyumbani nikaingia jikoni nikalia na vitunguu nikaweka karibu ili mtu akiingia nipate cha kusingizia.

Ma Rebeka hajarudi Muleba, amebaki anisaidie na mtoto ili nipate kupumzika, ameniambia mpaka Dorotea atembee vizuri. Dada, huyu mama angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Asubuhi anaamka, anaomba kwa Kihaya, anameza kidonge chake cha presha, anamshukuru Mungu kwamba kumekucha, halafu ananiita kwa jina langu la nyumbani twende tukachemshe chai, ananifunika kanga akiona nasikia baridi, na mchana anawapigia simu wenzake wa Muleba anawaeleza jinsi mkwe wake alivyopona. Nitaanzaje kumwambia huyu kwamba sikupona?

Na kuna lingine. Mimi na Byabato tulikubaliana niache sindano tutafute mtoto wa tatu, na sasa siku zangu zimechelewa, nasema labda ni homoni, labda ni mimba, sijapima, naogopa kupima. Yale maneno ya Dokta Luhaga ya mlangoni yananirudia kila nikikaa. Nikirudi kwenye dawa naona nitakuwa nimemkana Mungu na kumwaibisha Ma Rebeka mbele ya ukoo, nisiporudi naona kama namwibia mtoto ambaye hata sijui kama yupo. Kitu kimoja nimeamua, sitaki kuendelea kuishi na lile kopo la vifungo. Nataka kusema kweli ila sijui niisemeje bila kuharibu furaha ya watu. Nisaidie. Namba yangu nimeiandika hapo chini.

Mimi Mama Dorotea, Kiseke.

*

Mama Dorotea mpenzi,

Pole. Nitakugombeza kidogo, halafu nitakupa pole nyingine mwishoni, uivumilie ya katikati.

Wasomaji wajue kwamba namba yako niliipiga siku ileile barua ilipofika, kwa sababu kuna mambo hayawezi kusubiri gazeti litoke. Ulipokea mwenyewe, nikakuambia urudi kwa Dokta Luhaga bila kuchelewa, uende na kopo lako hilohilo la vifungo, umweleze uliacha lini, wala usijaribu kumeza viwili viwili kufidia ulivyoruka, kiasi ataamua yeye. Nikakuambia upime mimba. Umekwenda, nakushukuru. Kilichosemwa na kipimo ni chako na Byabato, hakitatoka hapa. Umeniruhusu nikujibu gazetini, majina yote tumeyabadilisha, kwa sababu nyinyi wenye makopo ya vifungo ni wengi kuliko unavyofikiri.

Sasa ugomvi. Barua yako nimeisoma huku namtafuta mtu mmoja: aliyekuambia uache dawa. Nimemtafuta kwa Ma Rebeka, hayupo. Yeye alisema Mungu amekuponya, hakusema tupa vidonge. Nimemtafuta kwa mchungaji, aliomba akanyamaza. Kwa mzee Chenge, yeye alikuwa anauza ndizi. Maige, Ndalahwa, Byabato, hakuna. Byabato ndiyo kwanza anakuuliza kama unameza. Umejihukumu mwenyewe, ukajifunga mwenyewe, na ufunguo ukauweka kwenye vifungo. Dokta alikuambia usiache mpaka akuambie, na wewe hukumwuliza yeye, ulijiuliza wewe mwenyewe asubuhi moja na glasi mkononi.

Na ule mfano wako wa jogoo nimeupenda lakini umekosea hesabu. Jogoo mlimtoa, mkamtoa kwa furaha, na hakuna anayemrudisha. Kidonge hakuna aliyekuomba ukitoe sadaka.

Kuna jambo umeniandikia mwenyewe na hukuliona. Umesema Ma Rebeka akiamka anaomba, anameza kidonge cha presha, anashukuru kwamba kumekucha. Hebu soma tena hapo. Huyo mama unayeogopa kumwaibisha anafanya kila siku kile unachodhani ni dhambi, na unamwona ni mcha Mungu. Je, asubuhi akimeza amemkana Mungu? Umewahi kumwambia ajaribu kuacha kidogo ili tuone imani yake? Usingethubutu, na ungefanya hivyo ningekuja Kiseke mimi mwenyewe. Basi huruma unayompa yeye jipe na wewe kidogo.

Uelewe na ugonjwa wenyewe, maana naona hofu nyingine inatoka kwa kutokuelewa. Mimi si daktari, nimeuliza wanaojua, nakueleza kwa lugha ya jikoni. Ile tezi ya shingoni kazi yake ni kama ya mkaa chini ya sufuria. Mkaa ukipungua hakuna kilichooza ndani ya sufuria, ni kwamba kila kitu kinakwenda taratibu: joto la mwili, tumbo, nywele, siku za mwezi, akili, mpaka sauti. Kidonge ni homoni ileile ambayo tezi yako imeshindwa kuitoa, unaongezewa mkaa. Uliposikia nguvu zimerudi, hiyo ilikuwa dawa inafanya kazi. Ukaona sufuria inachemka vizuri ukautoa moto. Na iliendelea kuchemka siku kadhaa kwa joto lililobaki, ndiyo maana ukadhani umepona.

Kuna akina mama ambao tezi ikilegea baada ya kujifungua huja ikarudi sawa yenyewe, daktari akapunguza dawa mpaka akaifuta. Kuna wengine watameza maisha yao yote na wataishi vizuri tu. Wewe uko kundi gani? Mimi sijui, wewe hujui, na sauti yako ya kwaya haijui. Damu ndiyo inajua, na inasemea maabara. Ukitaka kuacha, njia ni hiyo moja tu. Na kwa mwenye mimba, au anayeitafuta, jambo hili halina kusubiri, kwa sababu mtoto miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake, na mara nyingi kiasi cha dawa huongezwa. Ndiyo maana dokta alikufuata na maneno mpaka mlangoni.

Kidonge hicho ni maji matupu, tumbo tupu, halafu usubiri kidogo kabla ya chai. Na kama utapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, usivimeze pamoja na hiki, vinakizuia kufanya kazi. Mwulize nesi akupangie vyote visigombane.

Huo unga wa kijani sasa. Homoni si uchafu, kizazi si sufuria ya kusugua, na kuharisha si kupona. Hilo nawaambia na wengine mnaosoma, maana nimechoka kupokea barua za unga. Neno hili "homoni zimevurugika" limekuwa kapu, kila mtu anatumbukiza lake. Mmoja tezi ya shingo imelegea, mwingine imezidi kasi na moyo unamwenda mbio, mwingine mayai hayapevuki na ndevu zinamwota kidevuni, mwingine ni njia ya uzazi wa mpango inayotaka kubadilishwa tu, mwingine umri umefika, mwingine ni upungufu wa damu au sonona na homoni zake ni nzima. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Anayekuuzia dawa moja ya hao wote bila hata kukugusa mkono, muulize amepima nini. Na wewe msomaji unayetamani kumeza vidonge vya mtu kama Mama Dorotea kwa kuwa na wewe umechoka, usithubutu, nenda kapimwe vyako. Chumvi yenye madini joto tumieni nyumbani, ni nzuri kwa familia nzima, lakini aliyeshaandikiwa dawa asidhani atajitibu kwa kuongeza chumvi kwenye mboga, atapata presha juu yake.

Byabato mwambie wewe, leo, kabla hajaambiwa na kopo. Mwanaume anayekutetea kwa mama yake mzazi na wewe umejifunika shuka hastahili kudanganywa kila akiuliza. Atakasirika, mwache akasirike, na wewe usijitetee, sema nilikosea na nimesharudi kwa daktari.

Kwa Ma Rebeka usiandae hotuba. Wewe ni mtu wa kulia, ukianza hotuba utalia na yeye atalia na Dorotea ataungana nanyi, chai itachelewa. Fanya hivi. Asubuhi akimaliza maombi yake, kabla hajashika kidonge, ingia na glasi mbili za maji. Moja mpe yeye, moja shika wewe. Toa chako, kiweke kiganjani akione. Mwambie, "Mama, shikamoo. Na mimi nina changu. Nilikiacha nikidhani kukimeza ni kukosa shukrani." Basi. Usiongeze. Mtu aliyepanda meli na jogoo kuja kusema nisamehe hatashindwa na sentensi hiyo. Na akiuliza awaambie nini Muleba, mwambie awaambie mkwe wake ana dawa inayomfaa, kama yeye alivyo na yake. Habari hiyo haina aibu, na huenda kuna mwanamke kule migombani aliyejifunika shuka anaitwa godoro, ataisikia.

Shukrani uliyotoa haikuwa uongo. Ulishukuru kwa sababu ulikuwa umesaidiwa, na ulikuwa umesaidiwa kweli, na daktari, na kidonge, na mume, na mama aliyejua kuomba msamaha. Kama moyo wako bado unakusumbua, Jumapili moja utakayojisikia peleka mayai machache, mzee Chenge ayanadi, na wakikupa nafasi ya kusema, sema tu kwamba unashukuru kwa dawa. Utaona watakaokufuata nje baada ya ibada wakitaka kukuuliza ya kwao kwa sauti ndogo.

Pole niliyokuahidi ndiyo hii. Pole kwa kuumwa ukaitwa mvivu, pole kwa kulia na vitunguu. Na mimi naandika haya mtoto kalala gotini, mguu umeshakufa ganzi na naogopa kuusogeza, kwa hiyo uchovu naujua, na najua pia kwamba kuna uchovu wa kupumzika na kuna uchovu wa kupimwa. Wa kwako ni wa kupimwa. Usikose tarehe aliyokupangia daktari hata siku ambayo unajisikia mzima kabisa, siku hiyo ndiyo hasa uende.

Jumamosi nenda mazoezi. Usingoje sauti ipande ndipo uende. Mwambie Maige akuweke sauti ya pili kwa sasa, ukae karibu na mzee Ndalahwa umwulize hali ya jogoo, na uimbe hiyo uliyo nayo.

Dada Paskazia